Harry Brearley: Mtoto wa kibarua wa Sheffield aliyeleta kisu kisichoshika kutu

BUGARAMA, RUMONGE

Muuza visu wa ukanda wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Bugarama hadi Rumonge mjini, ana wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayepasua mukeke na sangala ufukweni. Huyu mikono yake haikauki maji wala chumvi, na anataka kisu ambacho kesho hakitakuwa na kutu. Wa pili ni yule wa shambani, anayemenya mihogo na kukata mikungu ya michikichi. Huyu kutu haimsumbui sana, anachotaka ni makali yanayodumu.

Wote wawili wanataka kisu cha bei nafuu. Na wote wawili hurudi dukani kulalamika pale wanapouziwa kisu cha mwenzake.

Tatizo hilo la kuchagua kati ya kutu na makali si geni. Ndilo lililomfanya mtu mmoja nchini Uingereza achekwe na mafundi wenzake, agombane na mwajiri wake na kuacha kazi, kabla ya kutambuliwa kuwa mmoja wa watu waliobadilisha jikoni za dunia nzima. Mtu huyo ni Harry Brearley, aliyefariki mwaka 1948. Maisha yake yana mengi ya kumfundisha mfanyabiashara anayefungua katoni la visu leo.

Mtoto wa mji wa visu

Brearley alizaliwa tarehe 18 Februari 1871 katika mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Kwa karne nyingi Sheffield ulijulikana kwa kitu kimoja: visu. Baba yake, John Brearley, alikuwa myeyusha chuma katika kampuni ya Thomas Firth & Sons. Familia ilikuwa kubwa na maskini, na makazi yao yalikuwa ya msongamano karibu na viwanda.

Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 12. Alianza kazi za kibarua kwenye tanuri za kuyeyushia chuma, na muda si mrefu akahamishiwa maabara ya kampuni hiyo hiyo ya Firth. Kazi yake ya kwanza pale ilikuwa kuosha chupa.

Mkemia wa maabara hiyo, James Taylor, aliona kwamba kijana huyu ana akili ya kudadisi. Akamhimiza kusoma hesabu na kemia. Brearley akawa anafanya kazi mchana na kusoma usiku. Hakuwahi kupata shahada ya chuo kikuu, lakini alipofikia umri wa miaka 30 alikuwa anajulikana Sheffield kama mtu anayeweza kukuambia kipande cha chuma kina nini ndani yake. Mwaka 1902 alichapisha pamoja na mwenzake kitabu cha jinsi ya kupima malighafi za viwanda vya chuma.

Jambo moja lilimtofautisha na wataalamu wengi wa wakati wake. Alikuwa ameona kazi ya tanuri kwa macho yake tangu utotoni. Aliheshimu mikono ya fundi kama alivyoheshimu vipimo vya maabara.

Miaka ya Riga

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya Firth ilikuwa na kiwanda katika mji wa Riga, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Urusi na leo ni mji mkuu wa Latvia. Brearley alipelekwa huko mwaka 1904 na baadaye akawa meneja wa kiwanda.

Huko ndiko alikojifunza kwa vitendo somo ambalo wauzaji wengi wa visu hawalijui hadi leo. Chuma kizuri kikichomwa kwa joto lisilo sahihi hugeuka kuwa chuma kibaya. Wahunzi wa siku hizo walipima joto kwa jicho, wakitazama wekundu wa moto. Brearley alitaka njia ya uhakika zaidi, na suala la joto la tanuri likawa sehemu kubwa ya kazi yake. Mwaka 1911 alitoa kitabu kizima kuhusu uchomaji na uzamishaji wa chuma cha kutengenezea zana.

Aliporudi Sheffield alikabidhiwa jukumu kubwa. Mwaka 1908 kampuni mbili, Firth na John Brown, zilikubaliana kuanzisha maabara ya pamoja ya utafiti, na Brearley akawa mkuu wake. Yule mwosha chupa sasa alikuwa anaongoza maabara.

Alitafuta mtutu, akapata kisu

Mwaka 1912 Brearley alipelekewa tatizo ambalo halikuhusu kisu hata kidogo. Watengenezaji wa bunduki walikuwa wanalalamika kwamba mitutu inalika upesi kwa joto na gesi ya baruti. Walitaka chuma kitakachostahimili.

Brearley alijua kwamba chuma chenye kromiamu huyeyuka kwa joto la juu zaidi. Akaanza kujaribu michanganyiko yenye kromiamu kati ya asilimia 6 na 15, akibadilisha pia kiasi cha kaboni. Agosti 1913 alipata mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24.

Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba chuma hicho kilitupwa kwenye lundo la vyuma chakavu, na baada ya miezi kikaonekana kinang'aa wakati vingine vimejaa kutu. Maelezo yenye uzito zaidi ni ya maabara. Ili kutazama chuma kwa hadubini, mtaalamu hukilainisha uso kisha hukipaka asidi ili ikile kidogo na kuonyesha mpangilio wake wa ndani. Chuma kipya cha Brearley kiligoma kuliwa na asidi.

Wengine wangeona hilo kama usumbufu wa kazi. Brearley, mtoto wa mji wa visu, aliona kitu kingine. Akachukua vipande vya chuma hicho akavijaribu kwa siki na ndimu, vitu ambavyo kila siku hukutana na kisu mezani na jikoni. Havikubadilika rangi.

Siri yake iko hivi. Kromiamu ikizidi takriban asilimia 11 hivi, hukutana na hewa na kutengeneza utando mwembamba sana usioonekana juu ya chuma. Ukikikwaruza chuma, utando hujirudisha wenyewe. Utando huo ndio unaozuia kutu. Lakini kisu kinahitaji pia kaboni, kwa sababu kaboni ndiyo inayofanya chuma kigumu baada ya kuchomwa na kuzamishwa. Kaboni ikiwa ndogo mno, kisu hakishiki makali. Ikizidi, inaifunga kromiamu na kuipunguzia nguvu ya kuzuia kutu. Mchanganyiko wa Brearley ulikaa katikati ya hayo mawili.

Mtengeneza visu visivyokata

Brearley aliwaandikia wakubwa zake kwamba chuma hiki kingefaa kwa visu, vijiko na uma. Hawakuvutiwa. Kampuni ilikuwa inafikiria silaha na mitambo, si vyombo vya mezani.

Sampuli zilipelekwa kwa watengeneza visu wa Sheffield. Majibu yaliyorudi yalikuwa ya kukatisha tamaa. Walisema chuma hakifuliki, hakikomai, na hakishiki makali. Mjini akaanza kutaniwa kuwa ndiye aliyevumbua visu visivyokata. Kwa mtu aliyezaliwa Sheffield, aibu hiyo haikuwa ndogo.

Kosa halikuwa kwenye chuma. Wahunzi wale walikuwa wanakichoma kama walivyozoea kuchoma chuma cha kaboni, ambacho hukomaa kikizamishwa kutoka joto la nyuzi 800 hivi. Chuma chenye kromiamu asilimia 13 kinahitaji kufika kati ya nyuzi 950 na 1,050. Ukikizamisha kabla ya hapo, kinabaki laini. Jicho lililozoea wekundu wa chuma cha zamani lilikuwa linawadanganya.

Siki ya Portland Works

Katikati ya mwaka 1914 Brearley alikutana na Ernest Stuart, msimamizi wa utengenezaji wa visu katika kampuni ya R. F. Mosley iliyokuwa katika jengo la Portland Works, Sheffield. Stuart hakuamini mara moja. Alikijaribu chuma kwa siki, akaona hakishiki madoa, na inasemekana hapo ndipo alipokipa jina ambalo mpaka leo hupigwa mhuri kwenye visu duniani kote: Stainless, yaani kisichoshika madoa. Brearley mwenyewe alikuwa anakiita chuma kisicho na kutu.

Jina la Stuart lilikuwa sahihi zaidi, kwa sababu lilikuwa na unyenyekevu. Chuma hiki kinaweza kupata vidonda vya kutu kikiachwa na chumvi na unyevu kwa muda mrefu, kama wavuvi wa ziwani wanavyojua.

Majaribio ya mwanzo ya Stuart hayakwenda vizuri. Kwanza chuma kiliharibu vifaa vyake vya kukatia. Kisha visu vikatoka vigumu mno, vyepesi kuvunjika. Mara ya tatu Brearley alialikwa awepo karakanani. Mjuzi wa chuma na mjuzi wa visu waliposimama kwenye tanuri moja, kisu kilitoka.

Brearley aligawa visu vya mwanzo kwa marafiki, kwa sharti kwamba kikishika doa kirudishwe. Habari zinasema hakuna kilichorudi.

Kugombana na mwajiri

Biashara ilipoanza kuonekana, swali la mali likazuka. Brearley aliamini kwamba ana haki ya kushiriki katika uvumbuzi huo pamoja na kampuni. Wakubwa wa Firth waliona kwamba kilichopatikana kazini ni cha mwajiri. Hawakuelewana, na mwisho wa mwaka 1914 Brearley aliacha kazi kwenye maabara aliyoijenga mwenyewe.

Uingereza uvumbuzi huo haukuwa umesajiliwa. Kwa msaada wa mzee mmoja mfanyabiashara wa London, Brearley aliomba hati ya uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1915. Huko akakuta kuna mtu mwingine aliyekwisha kuomba: Elwood Haynes wa jimbo la Indiana, aliyekuwa amefika kwenye matokeo yanayofanana. Ujerumani nako, kampuni ya Krupp ilikuwa imesajili mwaka 1912 aina nyingine ya chuma kisichoshika kutu, chenye nikeli pamoja na kromiamu.

Brearley na Haynes wangeweza kumalizana mahakamani. Badala yake waliunganisha haki zao katika kampuni moja ya Marekani yenye makao Pittsburgh. Hati ya Brearley ilitolewa Septemba 1916. Uingereza nako mambo yakasuluhishwa: mwaka 1917 ukaundwa ushirika wa Firth na Brearley, na visu vikaanza kupigwa mhuri wenye majina hayo mawili. Mteja aliyeona mhuri huo alijua kwamba kilichomo ndani kimepimwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chuma hicho kilielekezwa kwenye vali za injini za ndege, na visu vikasubiri hadi amani irudi. Miaka ya 1920 ndipo visu vya stenlesi vilipoanza kuenea katika nyumba za watu wa kawaida.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1915 Brearley alifanya kazi katika kiwanda cha Brown Bayley, Sheffield. Mwaka 1920 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya Bessemer, heshima kubwa katika sekta ya chuma Uingereza, na mwaka 1925 akawa mkurugenzi kiwandani. Mwaka 1939 mji wa Sheffield ulimpa heshima ya kuwa raia wake huru. Mwaka 1941 alitoa kitabu cha maisha yake na kuanzisha mfuko wa hisani uitwao Freshgate. Alifariki mwaka 1948 huko Torquay, kusini mwa Uingereza, akiwa na umri wa miaka 77.

Kwenye maabara ya Firth aliyoiacha, mrithi wake W. H. Hatfield aliendeleza mwaka 1924 chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Hicho ndicho kinachotengeneza vijiko, sinki na sufuria nyingi za leo. Ndicho pia chanzo cha mkanganyiko mkubwa katika biashara ya visu.

Faida kwa soko la ziwa

Wafanyabiashara wengi wa Burundi, Kigoma na Uvira huamini kwamba stenlesi nzuri ni ile isiyoshikwa na sumaku. Kwa sufuria na vijiko hilo lina ukweli, kwa sababu chuma cha 18/8 karibu hakishikwi na sumaku. Kwa kisu ni kinyume chake. Chuma cha 18/8 hakikomai kwa kuchomwa na kuzamishwa, hivyo hakishiki makali. Chuma cha kisu cha ukoo wa Brearley hushikwa na sumaku. Ubapa usioshikwa kabisa unafaa kupakulia wali, si kupasua samaki.

Neno Inox au Stainless kwenye ubapa nalo halitoshi. Linaeleza kuhusu kutu tu, halielezi kuhusu makali. Ni vizuri kutafuta alama ya chuma chenyewe kwenye katoni au kumwuliza muuzaji wa jumla.

Visu vya bei ya chini kutoka Asia mara nyingi huwa na alama 420, 3Cr13 au 4Cr13. Hivi ni ndugu wa karibu wa chuma cha mwaka 1913. Havishiki kutu kirahisi na hunoleka upesi, ila hupoteza makali mapema. Vinamfaa muuza samaki na mama wa nyumbani. Alama kama 5Cr15MoV, au 1.4116 kwa visu vya Ulaya, huonyesha kaboni zaidi na hudumu na makali zaidi, lakini bei inapanda. Vinamfaa mwenye hoteli na mwenye bucha.

Kwa mteja wa shambani, chuma cha kaboni bado kina nafasi yake. Mhunzi anayefua kisu au panga kutoka springi ya lori anatumia chuma chenye kaboni ya kutosha, na joto lake analiweza kwenye tanuri la mkaa. Nondo ya ujenzi haifai, kwa sababu kaboni yake kwa kawaida ni ndogo na haikomai vya kutosha. Na mhunzi huyo asipewe stenlesi aifue upya: atarudia kosa la wale wa Sheffield. Mnunuzi wa kisu cha kaboni aambiwe mapema kwamba ndimu na mihogo itakigeuza rangi, na kwamba kinahitaji kufutwa na kupakwa mafuta kidogo kila kikitumika.

Kabla ya kulipia mzigo mzima, vipimo viwili vinatosha. Cha kwanza ni cha Brearley mwenyewe: laza kipande cha ndimu juu ya ubapa kwa saa chache. Kikigeuka cheusi, hicho si stenlesi, hata kama mhuri unasema hivyo. Cha pili ni tupa: ipitishe taratibu kwenye makali ya sampuli. Ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikiuma kirahisi kama inakata msumari, kisu hicho kitarudishwa dukani.

Wasafirishaji nao wana sehemu yao. Katoni za visu zisipakiwe pamoja na chumvi au magunia ya ndagala, na zisifunikwe turubai zikiwa na unyevu. Chumvi na maji yaliyotuama hutoboa hata stenlesi, na visu vya kaboni vinaweza kufika Rumonge vikiwa tayari na kutu. Kwenye forodha, visu vya jikoni na mezani huingia kichwa cha 82.11, wakati panga huingia 82.01 pamoja na zana za kilimo. Kuvichanganya kwenye hati moja bila kutenganisha ni kujitafutia siku za kusubiri mpakani.

Brearley alikuwa na chuma sahihi mwaka mzima kabla ya kupata kisu kinachokata. Kilichokosekana ni mtu wa kukiunganisha chuma hicho na moto unaokifaa na kazi inayokifaa. Katika soko la Bugarama, kazi hiyo ya kuunganisha ni ya muuzaji: kumwuliza mteja anakwenda kukata nini, kabla ya kumtajia bei.